Haapsalu: mji mdogo wenye ngome ya askofu, matope ya tiba na stesheni isiyo na treni

Dada, nimefurahi umeuliza kabla hujapanda basi, maana wengi wanaenda Haapsalu wanapiga picha ngomeni wanakula keki wanarudi Tallinn jioni, ukiwauliza walichokiona wanakwambia mji mzuri umetulia, basi. Kwa wanaosoma hapa, swali la dada lilikuwa hivi: yuko Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kimasomo, wenzake wa darasani wanapanga kwenda Haapsalu wikendi moja mwezi wa nane, kaambiwa kuna ngome kubwa, kuna mzimu wa mwanamke unaotokea dirishani, na kuna stesheni ya reli ndefu ya kifahari ambayo haipiti treni hata moja. Anauliza mji wa watu wasiofika 10,000 ulipata wapi vitu vikubwa namna hiyo, na akifika aanzie wapi.

Jibu langu ni kwamba uanze na bahari yenyewe. Historia ya Baltiki ndo kazi yangu na katika miji yote midogo ya Estonia huu ndo naupenda kuliko yote, kwa hiyo nitaenda mbali kidogo, lakini kila nitakachosema kinarudi kwenye ile ghuba.

Haapsalu uko pwani ya magharibi, kama kilomita 100 kusini-magharibi mwa Tallinn, ni makao makuu ya mkoa wa Lääne. Umekaa kwenye rasi inayoingia ndani ya ghuba iliyojificha, mawimbi makubwa ya Baltiki hayafiki, na kina cha maji ni kifupi mno, sehemu kubwa ni mita moja mbili tu, na chini kuna tope laini jeusi. Halafu kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui, ardhi yenyewe ya huku inapanda. Zama za barafu eneo hili lote lilikuwa chini ya barafu nene ajabu, uzito wake ukaibonyeza ardhi, barafu ilipoyeyuka ardhi ikaanza kurudi juu polepole kama godoro alilotoka mtu, na mpaka leo bado inapanda milimita 2 hadi 3 kila mwaka. Ionekane ndogo, ila piga hesabu ya miaka 700 unapata karibu mita mbili, na kwa ghuba ambayo kina chake ndo hicho hicho cha mita mbili ni jambo zito sana. Kuna sehemu za mji zinaitwa holm, leo unazipita kwa miguu huku unakula aiskrimu, zamani vilikuwa visiwa.

Kwa hiyo ukijiuliza kwanini Haapsalu haukuwa mji mkubwa wa biashara kama Tallinn au hata Pärnu, ni hivyo tu, meli kubwa hazina pa kutia nanga. Hata leo ukitaka feri ya kwenda visiwa vya Hiiumaa na Vormsi huipandi mjini, unaenda Rohuküla, kilomita 9 hivi magharibi, ambako maji yana kina. Lakini ghuba hiyohiyo iliyowanyima bandari ndiyo iliyokuja kuwapa mkate kwa njia nyingine kabisa, nitafika huko.

Kwanza ngome. Karne ya 13 Wajerumani na Wadenmark waliingia nchi hizi kwa vita vya msalaba, wakawabatiza Waestonia kwa upanga na kugawana ardhi. Mwaka 1228 uliundwa uaskofu wa Saare-Lääne, na usifikirie askofu wa kusimamia ibada tu, huyu alikuwa mtawala kamili, ana ardhi, ana watu wa kumlipa kodi, ana askari, na juu yake kuna Papa na Kaizari wa Dola Takatifu ya Kirumi, wote wako mbali. Makao yake yalikuwa kwanza Lihula, yakahamia Pärnu ya zamani, na mwaka 1263 Walithuania wakaja wakapachoma moto. Baada ya hapo ndo wakahamia Haapsalu. Kwa maoni yangu mtu aliyekwisha chomewa makao yake anatafuta pa kujificha, na rasi yenye maji karibu pande zote, kwenye ghuba ambayo meli za vita haziwezi kuingia, ilikuwa inafaa sana. Mwaka 1279 askofu Hermann akaupa hadhi ya mji, na tarehe hiyo ndo wenyeji wanahesabia kuzaliwa kwa mji wao.

Ukifika utaona ukuta unaozunguka ngome, mzunguko wake kama mita 800, na mnara wa ulinzi wenye urefu wa mita 29 ambao baadaye uligeuzwa kuwa mnara wa kengele. Panda huo mnara, ngazi zimebana lakini ukifika juu ndo utaelewa ninachosema kuhusu ghuba, unaona mji mzima umezungukwa na maji na matete. Ila kitu cha kukaa nacho ni kanisa kuu lililoko ndani ya ngome. Ndani hamna safu za nguzo kama makanisa mengine makubwa, ni ukumbi mmoja mrefu tu, na dari la mawe liko mita 15 na zaidi juu ya kichwa chako, na kanisa lenyewe linatajwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa ya aina hiyo nchi zote za Baltiki. Kaa kimya kidogo usikilize, sauti inavyozunguka mle ndani ni ajabu, ndo maana wanafanyia matamasha. Ukikuta kwaya inaimba nyimbo za Cyrillus Kreek usiondoke, huyo ni mtunzi aliyeishi na kufia Haapsalu mwaka 1962, alichukua nyimbo za dini walizokuwa wanaimba wanakijiji akazipandisha hadi zikawa muziki wa kusikilizwa dunia nzima, na mwaka 1927 akaandika rekwiem, yaani misa ya wafu, ya kwanza kwa lugha ya Kiestonia.

Sasa huyo mwanamke wa dirishani. Wanamwita Valge Daam, Bibi Mweupe. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba zama za maaskofu mwanamke haruhusiwi kukanyaga ngomeni, adhabu ni kifo. Padri mmoja wa kanisa kuu akapendana na msichana wa Kiestonia, akamwingiza kwa siri amevaa kama kijana wa kwaya, na wakakaa hivyo muda mrefu bila mtu kushtuka, mpaka askofu alipokuja akasikia sauti ya yule kijana akaitilia shaka, akaamuru achunguzwe. Walipogundua, padri akafungiwa gerezani afe kwa njaa, na msichana akajengewa ukutani akiwa hai, kwenye kikanisa cha ubatizo kilichokuwa kinajengwa wakati huo, akapewa kipande cha mkate na kikombe cha maji. Tangu hapo mwezi mpevu wa Agosti anatokea kwenye dirisha la hicho kikanisa.

Hicho kikanisa ni cha duara, kimeshikana na ubavu wa kanisa kuu, na kivuli unakiona kweli, siyo uongo. Usiku wa mwezi mpevu mwanga unapenya madirisha kwa pembe fulani, unagonga ukuta wa ndani, na ukiwa nje unaona umbo jeupe limesimama. Watu wanakusanyika kwa mamia kwenye nyasi kusubiri, na kila Agosti kuna tamasha lenye igizo la hadithi yenyewe, linachezwa hapohapo kwenye magofu usiku. Mimi sisemi ni mzimu, lakini naomba usiichukulie kama hadithi ya kutisha watoto tu. Angalia nani ni nani ndani yake: msichana ni Mestonia, wanaomhukumu wote ni mabwana wa Kijerumani. Baada ya maaskofu kuondoka ardhi iliendelea kumilikiwa na familia zinazoongea Kijerumani, wakulima wa Kiestonia walikuwa watwana wao kisheria mpaka 1816. Watu waliokuwa hawaandiki historia yao wenyewe waliiweka humo, kwenye mdomo wa bibi akimsimulia mjukuu, na ndo maana ilidumu.

Maaskofu wa baadaye walipendelea kukaa Kuressaare kule kisiwani Saaremaa, Haapsalu wakabaki mapadri wa kanisa kuu. Halafu vita ya Livonia, jina la zamani la nchi hizi za Estonia na Latvia, ilianza 1558 na kila kitu kikavurugika. Askofu Münchhausen alivyoona mambo magumu akauza uaskofu wake mzima kwa mfalme wa Denmark, yaani akauza nchi na watu wake kama shamba, na mwaka 1560 akaja Magnus, mdogo wake mfalme, kuichukua. Haapsalu ukapita mikono ya Waswidi, ya Warusi, na mwaka 1581 ukarudi kwa Waswidi kwa muda mrefu. Miaka ya 1620 mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi akauuza mji pamoja na ngome kwa jemadari wake Jacob De la Gardie, ambaye mke wake Ebba Brahe ni yuleyule ambaye mfalme alitaka kumuoa ujanani na mama yake mfalme akakataa. De la Gardie alitaka kuigeuza ngome iwe kasri la kisasa la wakati huo, akamtumia Arent Passer, mjenzi na mchonga mawe maarufu wa Tallinn.

Ila ndo hivyo, mwaka 1688 moto ukala ngome na paa la kanisa. Mwaka 1710 Warusi wakauteka mji kwenye Vita Kuu ya Kaskazini na kwa amri ya Tsar Peter, mfalme wao, sehemu ya kuta ikabomolewa isije ikatumika tena kivita. Paa la kanisa lilirudishwa likang'olewa tena na dhoruba mwaka 1726, na safari hii waumini hawakuwa na hela ya kulitengeneza. Kanisa likakaa wazi mvua na theluji zinaingia ndani kwa zaidi ya miaka 150 mpaka lilipokarabatiwa miaka ya 1880. Ukisimama mle ndani likumbuke hilo, hayo mawe yamenyeshewa vizazi na vizazi. Ngome yenyewe ilikaa nusu gofu nusu bustani muda mrefu, makumbusho mapya ya ngome yamefunguliwa 2019 na ni mazuri, lipia kiingilio usione hasara.

Kwa hiyo karne ya 18 Haapsalu ulikuwa kijimji maskini cha wavuvi chenye gofu katikati, hakuna bandari, hakuna askofu. Na hapo ndo lile tope linaingia.

Wenyeji walikuwa wanajua toka zamani, mtu akiumwa viungo anajipaka tope la ghuba lililopata joto la jua. Daktari wa mji, Carl Abraham Hunnius, akaliona hilo akalifanyia kazi, na mwaka 1825 ikafunguliwa nyumba ya kwanza ya tiba ya matope. Tope lenyewe ni udongo laini sana uliochanganyika na mabaki ya mimea na vijidudu vya baharini vilivyooza miaka mingi chini ya maji yaliyotulia, lina harufu ya yai viza kwa sababu ya salfa, na sifa yake kubwa ni kwamba linatunza joto, linalitoa polepole mwilini. Wanalipasha moto, wanakupaka au wanakulaza ndani yake umefunikwa, unakaa dakika chache tu maana moyo unachoka, kisha unaoga. Tope la hivi haliwezi kukaa kwenye pwani ya mawimbi, linataka maji yasiyotembea. Umeona sasa? Ile hali ya ghuba iliyoua bandari ndiyo iliyozaa hospitali. Sanamu ya Hunnius iko pembeni ya bahari, pita umsalimie, maana mji mzima unaouona leo ulianzia kwake.

Baada ya hapo matajiri wa St. Petersburg wakaanza kumiminika kila kiangazi, Haapsalu ukiwa ndani ya dola ya Urusi, hadi familia ya Tsar ikaja. Zikajengwa nyumba za mbao zenye veranda za vioo, wenyeji wakawa wanahamia jikoni au kibandani nyuma wapangishe vyumba, na kando ya bahari ikatengenezwa barabara ya kutembea jioni. Utakuta pale Kuursaal, jumba la mbao lililojengwa 1898, limechongwa mpaka linafanana na lesi, limesimama ukingoni kabisa mwa maji, kiangazi bado kuna mgahawa na muziki. Mbele yake majini kuna sanamu ya dubu mweupe, na ukiendelea na hiyo njia utafika sehemu inaitwa Aafrika rand, yaani Pwani ya Afrika, sisi tunaotoka Afrika lazima tupige picha, na kuna mnara wa kuangalizia ndege, masika na vuli ndege wanaohama wanatua humo kwa maelfu kwa sababu hiyohiyo ya maji mafupi yenye chakula kingi.

Mwaka 1867 alikuja kijana wa miaka 27, mwalimu wa muziki kutoka Moscow, hela hana, amekuja na wadogo zake kupumzika. Ni Tchaikovsky, aliyekuja kuwa mtunzi maarufu wa muziki wa Urusi. Alikaa kiangazi kile na kutokana nacho akaandika vipande vitatu vya piano alivyoviita kumbukumbu ya Hapsal, kwa jina la mji la Kijerumani, na kimoja kati ya hivyo kinahusu magofu ya ngome, magofu haya haya. Mwaka 1940 wakamtengenezea benchi la mawe mahali anaposemekana alipenda kukaa kuangalia jua likizama, limechongwa na Roman Haavamägi, na juu yake zimechorwa noti za muziki kutoka simfoni yake ya sita, sauti ambayo Waestonia wanasema inafanana na wimbo wao wa asili. Nenda saa ya jua kuzama. Agosti jua linachelewa kwa hiyo kula kwanza.

Sasa stesheni yako. Wageni walivyozidi, reli ilijengwa kutoka Keila ikafika Haapsalu 1905, na jengo la stesheni likamalizika 1907. Nataka utembee hilo jukwaa lote kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, usiangalie kwa mbali. Ni mita 216 na lote liko chini ya paa la mbao, nguzo baada ya nguzo, zimenakshiwa juu, na liliwekwa refu hivyo ili treni ya kifalme ikisimama, Tsar na wageni wake washuke behewa lolote bila tone la mvua kuwapata, na kuna banda lao maalumu pembeni la kupumzikia. Yaani mji wa samaki na magofu ukapewa jukwaa la namna hiyo kwa sababu ya tope tu. Wageni wenyewe wa kifalme hawakulifaidi sana, miaka 10 tu baadaye dola yao ikaanguka.

Treni za kawaida ziliendelea kuja zama zote za jamhuri ya kwanza na za Wasovieti, kisha Estonia ilipopata uhuru tena 1991 hela ya kuendesha njia zisizo na faida haikuwepo, na abiria wa mwisho wakapanda Septemba 1995. Baadaye reli ikang'olewa. Leo kutoka Tallinn treni ya umeme inafika Turba, kipande hicho kilirudishwa 2019, na mpango wa kuendelea mpaka Haapsalu ukasimamishwa, jambo linaloumiza watu wa mji mpaka leo, ukiongea na mzee yeyote pale atakwambia. Tuta la zamani la reli limekuwa njia ya baiskeli na miguu, nzuri sana, imenyooka msituni na mashambani. Ndani ya stesheni kuna makumbusho ya reli na mawasiliano na nje wamepanga vichwa vya treni vya zamani. Na wewe basi lako litakushusha palepale, kwa hiyo ndo utakapoanzia.

Kitu kimoja ambacho hukuuliza na ndo ningetaka ukione kuliko hata ngome, ni shali la Haapsalu. Wale mabibi wa St. Petersburg walikuwa wanakaa jioni upepo wa bahari unawapiga mabegani, na wanawake wa mji walikuwa na sufu na sindano. Wakaanza kufuma mitandio myembamba kabisa, wakawa wanakaa wanafuma hapohapo njia ya kando ya bahari ili wateja waone kazi ikifanyika. Ukiingia kituo cha lesi mtaa wa Karja waombe wakuonyeshe kwa karibu. Uzi ni wa sufu mwembamba sana, na mapambo yake makuu ni vifundo vidogo vilivyovimba wanavyoviita nupp. Mfumaji anachukua kitanzi kimoja, ndani yake anafuma vitanzi 5 au 7 au hata 9 vilivyolegea, kisha safu inayofuata anavipitisha vyote sindano mara moja anavifanya tena kitanzi kimoja. Akivikaza mno sindano haiingii, akivilegeza mno pambo linakufa. Na shali moja lina vifundo mamia kwa mamia. Pembezoni kuna ukingo wa lesi unaofumwa peke yake halafu unashonewa kwa mkono, mwisho shali linafuliwa na kuwambwa kwenye fremu ya mbao yenye pini nyingi, likikauka linakaa umbo lake. Kipimo cha zamani cha shali zuri ni lipite lote ndani ya pete ya ndoa, na nakuhakikishia linapita.

Michoro ina majina, mingi ya zamani ni ya maua na majani ya msituni, na upo mmoja uliobuniwa kwa heshima ya malkia Silvia wa Uswidi alipotembelea mwaka 1992. Bei itakushtua, usikate tamaa na usinunue la mashine kwenye vibanda ukadhani umepata, hesabu wiki za mkono wa mtu zilizomo humo. Kama hela haitoshi nunua kitu kidogo cha mkono kuliko kikubwa cha kiwanda, hiyo sanaa inaishi kwa sababu watu wanailipia.

Uswidi utauona sana ukizunguka, na siyo kwa sababu ya wafalme tu. Pwani hii na kisiwa cha Vormsi na rasi ya Noarootsi ng'ambo ya ghuba waliishi Waswidi wavuvi na wakulima toka zama za kati, kabla ya vita ya pili walikuwa kama 7,600 na kitu. Jeshi la Sovieti lilivyokaribia mwaka 1944 karibu wote wakavuka bahari kwenda Uswidi, na maelfu ya Waestonia wakafuata, nchi nzima watu zaidi ya 70,000 walikimbia, wengine kwa mashua ndogo za uvuvi msimu wa dhoruba na wako waliozama. Makumbusho ya hao Waswidi wa pwani iko Haapsalu ukingoni mwa maji, ndogo, ila ina mashua walizojenga wenyewe na pazia refu lililodariziwa na kina mama wao, historia yao yote iko humo tangu kuhamia mpaka kuondoka. Tenga saa nzima.

Katika waliovuka alikuwepo msichana wa miaka 14, Ilon Wikland, aliyelelewa Haapsalu na bibi na babu yake. Alikuja kuwa mchoraji wa vitabu vya watoto vya Astrid Lindgren, mwandishi wa Uswidi, na ukiangalia nyumba za mbao na veranda kwenye michoro yake unaona mitaa ya Haapsalu ya utoto wake. Mwaka 2009 mji ukafungua nyumba ya watoto yenye michoro yake. Mtu aliyeondoka mtoto mkimbizi mikono mitupu, kazi zake zimerudi nyumbani, mimi kila nikiingia pale inanigusa sana.

Zama za Wasovieti ziliacha alama nyingine. Pwani yote ilikuwa ukanda wa mpaka, kufika baharini hovyo hairuhusiwi, na nje kidogo ya mji huko Kiltsi kulikuwa na uwanja wa ndege za kivita, yale mabanda ya zege yaliyofunikwa udongo bado yapo. Sanatoria, yaani nyumba za tiba, ziliendelea lakini, tope halina siasa, na leo mji una kituo kikubwa cha taifa cha tiba ya mishipa ya fahamu na viungo, watu waliopata ajali na watoto wenye ulemavu wanaletwa kutoka nchi nzima. Ndo maana utaona viti vya magurudumu vingi kando ya bahari. Kazi ya 1825 bado inaendelea.

Kwa siku moja fanya hivi. Toka Tallinn asubuhi, basi ni kama saa moja na nusu, maliza stesheni na makumbusho yake, tembea mtaa wa Karja ukipita kituo cha lesi, ufike Lossiplats, uwanja mdogo mbele ya ngome wenye ukumbi wa zamani wa mji wa 1775. Ngome na kanisa zipewe saa mbili zisipungue. Halafu shuka baharini, makumbusho ya Waswidi kwanza kabla hawajafunga, kisha njia ya Kuursaal mpaka kwenye benchi. Matope utayapata hoteli za tiba, unatakiwa kuweka nafasi mapema na kama una presha au shida ya moyo waambie kabla. Ila kwa kuwa ni Agosti, angalia kalenda ya mwezi mpevu, na kama wikendi yenu imegongana na tamasha la Bibi Mweupe wekeni vyumba leo, siyo kesho, maana mji unajaa na igizo linaisha usiku wakati basi la kurudi limeshaondoka.

Na kama utakuwa bado uko Estonia wakati wa baridi, rudi mwezi wa pili. Ghuba ya kina kifupi inaganda upesi, na baridi ikiwa kali vya kutosha wanafungua barabara rasmi juu ya bahari, kuna ya kuvuka kwenda Noarootsi na kuna ile ya Rohuküla mpaka Hiiumaa, kilomita kama 25 juu ya barafu, siyo kila mwaka. Mkanda wa gari unafunguliwa kwa sheria ili uweze kutoka haraka, umbali kati ya gari na gari ni mita 250, kusimama hakuna, na kuna mwendo wa katikati unaokatazwa, nenda chini ya 25 kwa saa au kati ya 40 na 70, kwa sababu mwendo wa hapo katikati unatengeneza wimbi chini ya barafu linaloweza kuipasua. Panda na dereva mwenyeji anayeijua, usikodi gari ukajaribu mwenyewe.